Kifukiwa cha Mwalimu Tusekile

Mwalimu Tusekile alikuwa hodari wa kufundisha sehemu za mmea, tena hodari haswa, isipokuwa sehemu moja. Asubuhi aling'oa mharage shambani na umande wake, akaingia nao darasa la tatu udongo ukimdondokea kwenye kanga, akauinua juu. "Hii ni nini?" "Mizizi!" "Kazi yake?" "Kushika mmea na kunyonya maji!" Akaja kwenye shina, wakaitika. Jani, wakaitika. Ua na tunda, wakaitika kwa nguvu mpaka mwalimu wa darasa la nne akagonga ukuta kuwanyamazisha. Kisha Tusekile akapasua ganda la haragwe, akaitoa ile ya ndani, akaiweka katikati ya kiganja, akasema, "Na hiki ni kifukiwa."

"Kifukiwa!" wakaitika watoto wa kijiji cha Suma, wala hawakuwa na wasiwasi wowote.

Lo! Tafuta Mswahili aliyewahi kusema kifukiwa, umtafute kutoka Kyela mpaka Tanga, humpati. Neno hilo alilitunga mwenyewe kutokana na kufukia, kwa sababu neno lenyewe, lile analolijua kila mtu, yeye lilimkaa kooni halitoki. Si kwamba hakulijua. Alilijua kuliko wote pale shuleni, na ndiyo maana hakulisema. Lilikuwa ndani ya jina la baba mkwe wake.

Mzee huyo aliitwa Mwambegu. Na mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa akaleleka hataji jina la baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, hasemi naye, na wakikutana njiani mmoja lazima aiache njia. Wenyewe huita ukutila, yaani kumwogopa mtu kwa heshima, na heshima hiyo haiishii kwenye jina tu. Hata neno linalofanana na jina nalo linakwepwa. Mbegu kwa Kinyakyusa ni imbeju, na hilo pia Tusekile alilikwepa, maana sikio la jirani halichelewi kusikia linachotaka kusikia.

Utasema, si angesema punje tu yakaisha? Alijaribu. Punje ya mahindi sawa, lakini alipofika kwenye parachichi watoto wakacheka, wakasema mwalimu, parachichi gani lina punje? Akasema kokwa. Haya, na ulezi nao una kokwa? Ndipo akatafuta neno la kuyabeba yote, akaliita kifukiwa, na watoto wakalipokea kama walivyolipokea jani na shina.

Siku hizo wasichana wengi waliosoma walikuwa wamekwisha kuachana na mambo hayo. Zilikuwa zama za Ujamaa, Chama kilikuwa kimebadilisha jina majuzi tu, na kwenye mikutano watu waliambiwa waziache mila zinazowarudisha nyuma. Wenzake walimtania. "Wewe Tusekile, unamkwepa baba wa mume, na mume mwenyewe yuko wapi?" Alicheka nao. Kicheko chake kilikuwa kifupi, na baada yake alipenda kukaa peke yake kidogo.

Mume mwenyewe aliitwa Amoni. Alimwoa Tusekile kutoka kwao Matwebe mwaka ule wa Azimio la Arusha, wakakaa miezi michache tu, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, naye akaaga kwamba anakwenda Zambia kwenye migodi ya shaba. Atafanya kazi mpaka apate bati za nyumba, kisha arudi. Vijana wa Rungwe walikwenda hivyo tangu enzi za babu zao, wakarudi na viatu na gramafoni, kwa hiyo hakuna aliyelia. Tusekile mwenyewe alimsindikiza hadi barabarani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akampa, akasema, "Usiwe na Kiswahili kibovu huko, watakucheka." Amoni akacheka, akamwita mwalimu. Ndilo jina alilompa, wakati ule hajawa mwalimu wa mtu yeyote, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumsahihisha.

Miaka ya kwanza ilikuja salamu, kikaja kitenge, ikaja redio. Kisha zikaja salamu tupu. Kisha pakawa kimya. Mtoto hawakupata. Wazazi wake Tusekile wakatuma watu kutoka Matwebe kusema binti arudi nyumbani angali na nguvu, naye akawapikia wale watu chakula kizuri sana na kuwarudisha walikotoka.

Alimpenda Amoni, jamani. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alipenda alivyokuwa akipiga mluzi akitoka mtoni, alivyokuwa akila ndizi za kuchoma zikiwa moto na kuzihamisha mdomoni huku na huku kwa sababu hana subira ya kuzipoza. Alikuwa akikumbuka miguu yake ya baridi. Suma kuna baridi ya ukungu inayoshuka kutoka mlimani, na Amoni alikuwa akimwekea miguu ile mgongoni makusudi ili apige kelele. Miaka ilivyopita, mambo mengine yalianza kumponyoka. Sauti ilimpotea kwanza. Akajikuta anahangaika kuukumbuka uso, na picha hawakuwa wamepiga hata moja. Aliweza kukumbuka kwamba alikuwa mzuri, lakini uzuri wenyewe ulikuwaje, hapo ndipo palipomliza.

Kilichombakia kilikuwa ni ile heshima. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa migomba, upande wa chini. Ya wakwe zake ilikuwa juu. Mzee Mwambegu alipokuwa akishuka kwenda kwenye shamba lake la chai, alikohoa mapema, kikohozi kikavu cha mara moja, ili mkwewe asikie na kuiacha njia. Tusekile aliingia migombani, akageuza mgongo, akasubiri hatua zipite. Siku nyingine mzee ndiye aliyemuona kwanza, akaingia yeye. Hawakuwahi kusemeshana hata neno moja. Lakini kila mzee alipokohoa, alikuwa anamwambia: wewe bado ni mke wa mwanangu. Na kila Tusekile alipogeuza mgongo, alikuwa anajibu: ndiyo, bado.

Mwaka mmoja kabla ya mambo ninayoyasimulia, bwana mmoja jirani, Ambilikile, alirudi kutoka Zambia kwa ile treni mpya. Alikuwa na habari za Amoni. Alikwenda kwa mzee kwanza, na haijulikani alisema nini hasa, ila majirani walimwona Mwambegu akimsindikiza Ambilikile mpaka barabarani kwa fimbo. "Mwanangu atarudi!" alikuwa akipiga kelele. "Atarudi, na wewe utaona haya!" Kisha Ambilikile akamfuata Tusekile shuleni. Tusekile akamwangalia viatu vyake vya huko, akasema kwa upole, "Shemeji, kama ni habari njema angeileta mwenyewe. Usiniambie." Ambilikile akakuna kichwa, akaondoka.

Basi walibaki watu wawili duniani wanaomngoja Amoni, na wawili hao hawakuruhusiwa kutazamana.

Ualimu aliupata kwa mpango wa UPE, wakati serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu hawakutosha. Halmashauri ya kijiji ilimchagua yeye aliyemaliza la saba na mwandiko mzuri. Siku ya kuandikishwa alipoulizwa jina la ukoo wa mume, alimwonyesha kidole mwenyekiti wa kijiji ili alitaje yeye. Alijifunza kwa redio, alihudhuria masomo kituoni, akafundisha huku akijifunza. Sasa ilibaki mkaguzi aje amwone akifundisha somo moja, ampe cheti.

Na Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa mtu wa mji, Mwalimu Saad, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka Kilwa wakajenga duka Tukuyu. Mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: Kiswahili aliona ni mali ya babu yake. Mtoto akisema "nimekujaga" Mwalimu Saad alishika kichwa kama aliyefiwa.

Siku moja watoto wa darasa la tatu walikuwa wakipanda maharage kwenye shamba la shule, elimu ya kujitegemea, Mwalimu Saad akiwa amesimama kando na mwavuli wake. Msichana mmoja aitwaye Lusungu, mwerevu na mwenye sauti kali, akanyoosha kikapu. "Mwalimu, vifukiwa vimekwisha!"

"Vi... nini?"

"Vifukiwa, Mwalimu Mkuu. Tuletee vingine."

Mwalimu Saad akakichukua kikapu. Kwa mtu kama yeye kukiri mbele ya watoto kwamba kuna neno la Kiswahili asilolijua ilikuwa sawa na kuvua kanzu sokoni. Alileta maharage mengine, akarudi ofisini, akafungua kamusi. Hakuliona. Akafikiri labda ni neno la pwani ya kaskazini, watu wa Lamu wana maneno yao. Kwa siku mbili nzima alilibeba neno lile, na inasemekana aliwahi hata kulitumia mbele ya bwana shamba, akasema kijiji kiletewe vifukiwa bora, na bwana shamba naye, kwa aibu ile ile, akaitikia kwa kichwa.

Mwishowe alimwita Tusekile. "Mwalimu, hili neno lako. Kifukiwa. Kwa nini husemi..." akalisema lile lenyewe.

Tusekile akainamisha kichwa. "Ni jina la mtu, Mwalimu Mkuu. Mimi siwezi kulitaja."

"Mtu gani?"

"Siwezi kumtaja."

"Nikimtaja mimi?"

"Mtaje tu. Mimi nikimtaja nimeharibikiwa."

Mwalimu Saad akasogeza kiti nyuma taratibu. Kwa alivyolelewa yeye, jina ambalo mtu akilitaja anaharibikiwa lilikuwa na tafsiri moja tu. "Subhanallah," akasema. "Yamekupanda tangu lini? Shangazi yangu Tukuyu anamjua mtu wa kuyatoa." Tusekile alicheka siku ile kuliko alivyocheka kwa miaka. Ilibidi mwalimu wa darasa la nne, Meshaki, mwenyeji wa pale pale, aitwe kuja kueleza kwamba hakuna jini, kuna mkwe.

Mwalimu Saad naye akacheka, akafuta miwani. Kisha akawa na uso wa kazi. "Sikiliza, dada yangu. Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Somo lililopangwa ni sehemu za mmea. Ukimwambia kifukiwa, atasema hukijui unachofundisha, cheti huna, na mimi nitakuwa nimempoteza mwalimu bora niliye naye. Liseme mara moja tu. Nani atakusikia?"

"Watoto arobaini," alisema Tusekile, "na kila mtoto ana mama."

Hapo alikuwa amesema kweli tupu. Jua lisingezama Suma nzima haijajua kwamba mke wa Amoni amelitaja jina la baba mkwe wake hadharani. Wasingemchukia, wangesema tu, haya, na yeye amechoka. Amemwacha. Na mtu akishasemwa hivyo na kijiji kizima, hata mwenyewe huanza kuamini. Cheti alikitaka, wala asikudanganye mtu. Kufundisha ndiyo furaha pekee aliyokuwa nayo mchana. Lakini kuacha kuwa mke wa Amoni, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa neno moja, mbele ya ubao? Alikwenda mtoni kuteka maji akajaribu kulisema mahali ambapo hapana mtu. Alifungua kinywa. Ikatoka "mmm", ikaishia hapo, akachota maji akarudi.

Mwalimu Saad, kwa wema wake uleule wa kutotulia, alikwenda kwa mzee Mwambegu bila kumwambia mtu. Tusekile alizipata habari hizo kwa mama mkwe wake, bibi Felista, ambaye walikuwa wakipika pamoja na kupendana vizuri.

"Yule Mswahili wa shule alikuja jana," bibi alisema akimenya ndizi. "Akakaa na mzee nje mpaka chai ikapoa."

Tusekile akaacha kisu. "Walisema nini, mama?"

"Nilikuwa jikoni. Nilimsikia tu mzee akiuliza, 'Kwa hiyo miaka yote watoto wanasema hivyo?' Chakula hakugusa." Bibi Felista akamtazama mkwewe kwa huruma. "Umemtungia jina, mwanangu? Kifukiwa?"

"Nilimheshimu, mama."

"Najua. Na yeye anajua. Ndiyo maana hakula."

Tusekile alimkasirikia Mwalimu Saad siku tatu, hakumsalimia ila kwa lazima. Alihisi mtu ameingia chumbani kwake na viatu.

Mkaguzi alikuja kwa Landrover, amevaa suti ya Kaunda, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Akakaa nyuma ya darasa kwenye dawati dogo, magoti yakamfika kidevuni. Mwalimu Saad akasimama mlangoni. Tusekile akainua mharage wake. Mizizi, wakaitika. Shina, jani, ua, wakaitika, na mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tunda. Akapasua ganda. Akaiweka ile ya ndani kiganjani, na hapo akasimama.

Alisimama kweli. "Endelea, mwalimu," mkaguzi alisema. Lusungu akaona mwalimu wake amesahau, na kwa kumwonea huruma akanyoosha mkono mpaka akasimama juu ya dawati. "Ni kifukiwa, mwalimu!"

"Ni nini?" mkaguzi akauliza.

Ndipo kikasikika kikohozi nje. Kikavu, cha mara moja. Madirisha ya shule ile hayakuwa na vioo wala mbao, na kikohozi kile watoto wote walikijua. Tusekile aligeuka pale pale akaukabili ubao, akavuta kanga kichwani.

"Hodi, Mwalimu Mkuu," sauti ya mzee ilisema kutoka nyuma ya ukuta, kwa Kiswahili cha mtu anayekitafuta neno kwa neno. "Siingii. Nasemea hapa hapa. Mwambie mwalimu..." Akasita. "Mwambie Tusekile."

Watoto wakatazamana. Baba mkwe naye hataji jina la mkwewe, na mtoto wa miaka tisa wa Suma analijua hilo kuliko hesabu za kujumlisha.

"Mwambie Tusekile alitaje jina langu. Watoto wanafundishwa neno la uongo kwa ajili yangu, si vizuri. Na tena mimi siyo mkwe wake tena. Tangu leo ni binti yangu, kama niliyemzaa."

Mwalimu Saad alitabasamu, maskini, akidhani ameleta neema. Tusekile alishika ubao kwa mkono mmoja, haragwe likiwa bado katika mwingine. Mtu pekee aliyekuwa akimngoja Amoni pamoja naye alikuwa amechoka kungoja. Tena alikuja kulisema mbele za watu, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioumiza. Angemtukana ingekuwa afadhali.

"Baba," alisema akiuambia ubao, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia mzee yule tangu aolewe, "nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Aliyekosa ni mwanangu. Yule Ambilikile nilimpiga fimbo, na alikuwa akisema kweli. Amoni ana nyumba huko, ana watoto. Nilijua. Nikakuacha uendelee kunikwepa, kwa sababu ulipokuwa ukinikwepa niliona kama bado nina mtoto." Akakohoa tena, lakini hiki kilikuwa kikohozi cha kawaida cha mzee. "Sema, mama. Watoto wanangoja."

Tusekile akageuka. Kanga ilikuwa imeanguka mabegani. Aliinua kiganja chake watoto wote waone, akasema, "Mbegu." Sauti ilikuwa ndogo, mkaguzi akaweka mkono sikioni. "Hii ni mbegu," akasema tena. "Kazi yake ni kuotesha mmea mwingine. Semeni."

"Mbegu!" wakapiga kelele watoto arobaini, na yeye akasimama mbele yao machozi yakimtiririka, akawauliza ya mahindi ni nini, ya parachichi ni nini, ya ulezi ni nini, na kila mara wakamjibu jina la baba mkwe wake kwa furaha, kama sikukuu.

Mkaguzi alivutiwa sana. Hakuelewa hata kidogo, lakini alivutiwa. Alimwambia Mwalimu Saad kwamba katika wilaya nzima hajaona mwalimu anayewashirikisha wazazi katika somo kwa kiasi kile, tena kwa maigizo, na kwamba cheti kisimtie shaka. Mwalimu Saad akasema ahsante, akamwangalia Tusekile, akaona uso wake, na tabasamu lake likaisha. Walau alikuwa na akili ya kutompongeza.

Alasiri Tusekile alipita njia ya migombani kurudi kwake. Mvua ya mchana ilikuwa imekatika, majani yanadondosha maji, na njia ilikuwa na utelezi. Alikuwa akitembea bila kuwaza lolote. Kwenye kona karibu na ngazi za udongo alimkuta mzee Mwambegu amesimama, kofia mkononi. Ilionekana alikuwa pale muda mrefu, maana mabega yalikuwa yamelowa.

Miguu ya Tusekile ikaanza kuingia migombani yenyewe.

"Usiingie humo," mzee alisema. "Kuna matope. Njia ni ya wote."

Akasimama. Hakujua mikono aiweke wapi. "Ugonile, baba," alimsalimu kwa Kinyakyusa akitazama chini.

"Ndaga, mwanangu. Inua macho, nisiwe nasema na utosi."

Akainua macho.

Alikuwa ni Amoni. Amezeeka, mvi zimemjaa ndevuni, jino moja halipo, lakini ni yeye. Ndilo paji lile, na nyusi ile ya kushoto iliyopanda juu kuliko ya kulia kana kwamba anakaribia kumtania mtu. Mdomo ndio ule, na hata namna ya kuusogeza pembeni kabla ya kusema ni ile ile. Miaka kumi na moja alikuwa akiutafuta uso huu, akilia kwa kuusahau, nao ulikuwa ukipita karibu yake kila asubuhi kwenda kwenye chai, na kila asubuhi yeye alikuwa akiupa mgongo.

Mzee akaona haya kidogo, akavaa kofia, akafanya kama anataka kupita. "Mbona unanitazama hivyo, mama?"

"Baba," Tusekile alisema, "naomba uivue tena kofia. Simama kidogo tu."

Mzee Mwambegu akavua kofia, akasimama.